Wajukuu wa Karatasi



Kuna neno linalozunguka siku hizi katika familia zetu za Katanga, hasa zile zenye ndugu upande wa Zambia. Neno lenyewe ni "viza ya babu". Watu hulitaja kwa sauti ya chini, kama habari ya hazina iliyofukiwa shambani. Kijana akisikia kwamba baba wa mama yake alikuwa Mzungu, anakimbia kufungua sanduku la zamani, anatafuta picha, barua, karatasi yoyote yenye muhuri. Asipopata kitu nyumbani, anakuja kugonga mlango wa misioni: "Padri, utufungulie kitabu cha ubatizo."

Hatumcheki kijana huyo. Anatafuta kazi, na kazi ni haki ya mtu. Lakini tumeona ubaya katika jambo hili, na kunyamaza itakuwa dhambi. Ubaya huo haumo moyoni mwa kijana. Umo katika sheria za watu wakubwa, na kipande chake kimo katika makabati yetu wenyewe.

Kwanza tueleze neno lenyewe, kwani wengi wanalitaja bila kulijua. Serikali ya Uingereza hutoa ruhusa ya kuingia na kufanya kazi kwa ajili ya ukoo. Mwombaji awe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, kama Zambia, Kenya au Afrika Kusini. Raia wa Zimbabwe wanakubaliwa pia, ingawa nchi yao ilitoka katika Jumuiya hiyo mwaka 2003. Awe na umri wa miaka 17 au zaidi. Aonyeshe kwamba anataka kufanya kazi na anaiweza, tena kwamba atajitunza bila kuomba msaada wa Serikali. Na juu ya yote, aonyeshe kwa vyeti kwamba mmoja wa babu zake au bibi zake alizaliwa Uingereza. Baba wa babu hahesabiwi. Akikubaliwa, anapewa miaka 5, na baadaye anaweza kuomba kukaa siku zote. Congo yetu haimo katika Jumuiya hiyo. Basi mwenye paspoti ya Congo peke yake asidanganywe na wachuuzi wa viza: hata babu yake angezaliwa katikati ya London, mlango huo si wake.

Sheria hii ilitoka wapi? Tusidhani ilizaliwa kwa sababu ya upendo wa wajukuu. Mwaka 1968 Wahindi wengi wa Kenya, wenye paspoti za Uingereza mikononi, walianza kuhamia Uingereza. Bunge la London likatunga sheria kwa muda wa siku tatu tu: mwenye paspoti ya namna hiyo asiingie kwa uhuru, isipokuwa yeye, au mzazi wake, au babu yake awe na mzizi katika Uingereza yenyewe. Kwa maneno hayo ya upole, Mzungu wa Nairobi alipita, na Mhindi wa Nairobi alibaki nje, nao wote wawili walikuwa na paspoti moja. Ikafuata sheria ya mwaka 1971, na kanuni zilizoanza mwezi wa Januari 1973 zikampa mjukuu ruhusa ya kuja kufanya kazi. Hii ndiyo ile "viza ya babu". Neno "rangi" halikuandikwa. Haikuwa lazima kuliandika. Babu aliwekwa mlangoni badala yake.

Mtu atatuambia: "Kila nchi ina haki ya kuchagua wageni wake." Ni kweli, kila nyumba ina mwenyewe. Lakini Papa Yohane XXIII alifundisha mwaka 1963, katika barua yake juu ya amani duniani, kwamba mtu mwenye sababu za haki anayo haki ya kuhamia nchi nyingine na kukaa huko. Mwenye nyumba anaweza kuuliza: "Unaweza kazi gani? Una mwenendo gani?" Lakini anayeuliza "Babu yako alizaliwa wapi?" anapima nini? Hapimi akili wala mikono wala moyo. Anapima kitu ambacho mtu hakukitenda, wala hawezi kukitubu, wala hawezi kujifunza.

Haya, tukubali kidogo kwa ajili ya mabishano. Tuseme damu ni neno la haki, na mjukuu ana deni la kudai kwa nchi ya babu yake. Kama ni damu, basi ihesabiwe damu ya wote. Hapo ndipo tunapoona uongo. Maana Wazungu wengi walikaa na wanawake Waafrika katika nchi zetu hizi, wakazaa watoto, wakarudi kwao bila kuandika jina mahali popote. Mjukuu wa mtoto kama huyo anabeba damu ileile usoni pake, kila mtu sokoni anaiona, lakini ofisi ya viza haiioni. Ofisi haitazami damu. Inatazama karatasi. Na karatasi ilikuwa mkononi mwa nani? Mkononi mwa baba aliyekimbia.

Huku Congo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chini ya Wabelgiji, mtoto wa baba Mbelgiji na mama Mkongomani, baba akimtambua mbele ya Serikali, alihesabiwa Mbelgiji. Asipomtambua, mtoto alihesabiwa mwenyeji wa koloni tu. Tena Serikali haikuwaacha watoto hao kwa mama zao. Iliwatafuta, ikawachukua, ikawapeleka mbali. Wengi waliwekwa katika nyumba za misioni, kama Katende katika Kasai, na Save katika Rwanda. Wengine walibadilishwa majina. Wengine walipelekwa Ubelgiji, ndugu wa tumbo moja wakatenganishwa.

Wako wanaosema: "Hayo ni ya zamani, yaacheni." Je, ni ya zamani? Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa Katende walishtaki Serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakukata tamaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa haki: ilisema kwamba kuwanyang'anya mama zao kabla hawajafikisha miaka 7, kwa sababu tu ya kuzaliwa na mama mweusi na baba mweupe, ni kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali iliamriwa kumlipa kila mmoja euro 50,000. Mabibi hao wangali wanavuta pumzi wakati jambo liliposemwa. Ya zamani ni yapi hapo?

Basi tazameni mizani. Kwa mjukuu mmoja, jina la babu ni ufunguo wa nyumba na kazi. Kwa mjukuu wa pili, jina la babu ni doa katika kitabu, mahali ambapo mkono wa mwandishi uliandika kwa Kilatini "patre ignoto", yaani baba hajulikani. Hajulikani! Kijiji kizima kilimjua. Wapishi wake walimjua. Mara nyingine hata aliyeshika kalamu alimjua.

Nani alishika kalamu? Sisi, watu wa misioni. Tusiwalaumu Serikali na kujificha nyuma ya altare. Nyumba zile zilikuwa nyumba zetu, masista walikuwa masista wetu, vitabu ni vitabu vyetu. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi kwa sehemu ya Eklezia mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa jina la Serikali mbele ya Bunge tarehe 4 Aprili 2019. Ni vema. Lakini Katekismo inatufundisha nini juu ya kitubio? Kuungama hakutoshi, kuna malipizi. Aliyeiba mbuzi haondoki kitubioni na kamba mkononi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu.

La kwanza, vitabu vyetu vifunguliwe. Mtoto au mjukuu wa hao waliochukuliwa akija parokiani kuuliza jina la mama yake au la baba yake, asiambiwe "rudi kesho". Asifukuzwe kama mwizi. Jina hilo ni mali yake. Sisi ni walinzi tu. Na barua za zamani za misioni zenye majina ya akina baba zisiachwe kuliwa na mchwa.

La pili, nchi zinazojisifu kuheshimu damu ziheshimu pia damu zilizoificha. Ubelgiji imeanza kutafuta habari za watoto hao katika hifadhi zake za nyaraka. Imalize kazi, na cheti kinachokosekana kwa kosa la Serikali kisidaiwe kwa yule aliyekoseshwa.

La tatu linawahusu ninyi vijana. Mwenye haki ya kwenda aende kwa amani, hatumfungii njia. Lakini msitutake tuandike uongo katika kitabu cha ubatizo. Wako wanaoleta pesa ili jina la Mzungu lichongwe mahali pasipo lake. Hatutafanya hivyo. Kitabu kilichodanganya mara moja kwa kunyamaza hakiponywi kwa kukidanganyisha mara ya pili kwa maneno.

Tena tunawauliza: mnapomtafuta babu huyo kwa bidii, bibi yenu mmemweka wapi? Yule nkambo mwanamke aliyelima muhogo, aliyemficha mtoto wake porini askari walipokuja, aliyelia miaka yote akingojea mtoto arudi? Hana cheti. Hakuna ofisi ya viza inayouliza jina lake. Lakini kama leo mko hai na mna nguvu za kutafuta kazi ng'ambo, ni kwa ajili ya yule. Yohane Mbatizaji aliwakemea watu waliojivunia kuwa wana wa Abrahamu, akawaambia Mungu anaweza kumtolea Abrahamu watoto hata katika mawe. Basi wale wanaoringa kijijini kwa sababu ya babu mweupe, wakimdharau bibi mweusi, wasikie neno hilo.

Na wewe mama mzee usomewaye maneno haya na mjukuu wako, kama ulichukuliwa ukiwa mtoto na jina lako likabadilishwa, njoo parokiani. Njoo na mjukuu wako. Tutaketi pamoja nanyi, tutafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na lile tutakalolikuta tutalisoma kwa sauti, hata kama linatuaibisha.