Tusiulize Ni Nani, Tuulize Kimempata Nini



Kuna swali ambalo hutangulia mengine yote mtu anapoanza kubadilika ndani ya kaya zetu. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajifungia chumbani, hali, haogi, usiku anasikika akizungumza peke yake. Mama aliyejifungua juzi anamtazama mwanawe kana kwamba si wake. Baba aliyekuwa mpole anafoka kwa jambo dogo. Majirani wanakusanyika, wanatazamana, kisha mmoja anauliza: ni nani aliyemfanyia hivi?

Naielewa hofu iliyomo katika swali hilo. Ukimpenda mtu unataka kujua maumivu yake yametoka wapi, tena unataka kujua haraka. Lakini kwa heshima zote nawaomba tuanze kuuliza swali jingine. Kimempata nini? Amepitia nini? Anavuta hewa gani kazini, anakunywa nini, analala saa ngapi, ana deni gani ambalo hajamwambia mtu?

Swali la nani limetugharimu sana huku kwetu Shinyanga na Geita. Tumewazika bibi zetu, waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokuwa yamepigwa na moshi wa jikoni maisha yao yote. Swali la nini linatufikisha zahanati, na linamwacha jirani akiwa jirani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Kaya yako ina watu wangapi? Na ya jirani yako? Basi tusidhani jambo hili linawahusu wale tu waliopelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Linatuhusu sisi sote tunaosukuma maisha Kahama, Katoro, Nyarugusu na Mwakitolyo.

Wataalamu huzungumza juu ya vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa mtu kuugua. Mara nyingi kimoja hakitoshi kumwangusha mtu, hujumlishana. Kimojawapo ni kurithi, kwani baadhi ya maradhi ya akili hujitokeza zaidi katika koo fulani, kama ilivyo kwa kisukari au shinikizo la damu. Ukoo wa namna hiyo haukulaaniwa. Unahitaji kuwa macho zaidi, basi. Na habari njema ni kwamba vihatarishi vingine vingi viko mahali ambapo mkono wako na wangu unafika.

Tuanze na mtoto aliye tumboni. Ubongo wake unajengwa kwa kile mama anachokula, anachovuta na anachovumilia. Kliniki ya wajawazito, chumvi yenye madini joto, chandarua kitandani na kujifungulia mahali penye mkunga vyote hulinda akili ya mtoto. Uchungu ukichukua muda mrefu mno bila msaada, mtoto anaweza kukosa hewa na ubongo ukaumia. Malaria kali inaweza kumwachia mtoto kifafa au ugumu wa kujifunza. Je, baba, nauli ya kumpeleka mama hospitali umeshaiweka kando kabla mwezi wake haujafika?

Na mtoto akizaliwa, tumwangalie pia mama. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na mara nyingi ni sonona. Analia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, anajiona hafai. Huyo si mvivu, wala hamchukii mwanawe. Anahitaji mtu wa kumpokea mtoto ili alale, chakula cha moto, na kusindikizwa kwa mhudumu wa afya. Mama mkwe, wifi, shangazi, kazi hiyo ni ya nani kama si yenu?

Sasa niseme juu ya jambo ambalo ukanda wetu wa dhahabu unalijua kwa karibu. Nani kati yetu hajaona dhahabu ikichomwa? Mchimbaji anarudi jioni kutoka mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na kidonge cha rangi ya fedha, mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, alichokikamua kwenye kitambaa. Anakiweka kwenye kipande cha bati juu ya makaa, pengine jiko lile lile lililochemsha uji asubuhi. Watoto wanasogea, kwa sababu inapendeza kuona fedha ikigeuka kuwa njano. Mama naye amesimama hapo, mtoto mgongoni. Zebaki imekwenda wapi? Imepanda kama mvuke usioonekana wala kunuka, na wote waliosogea wameuvuta.

Zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau, huwa mkali, au huzama katika huzuni na kuwaogopa watu. Watengeneza kofia wa Uingereza katika karne ya 19, walioitumia zebaki kuandaa manyoya, walijulikana kwa dalili hizo hizo. Huko Minamata, Japani, zebaki ya kiwandani iliingia kwa samaki, na ugonjwa wake ukatambuliwa mwaka 1956. Baadhi ya akina mama walioonekana wazima kabisa walizaa watoto walioumia ubongo. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania imeuridhia. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania, yakiwamo ya Geita na Kahama. Wengine walikuwa wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Najua dhahabu ndiyo inayolipa ada na kununua unga. Simwambii mtu aache kazi. Naomba mambo machache: usichome dhahabu nyumbani wala karibu na chakula. Tumia chombo cha kufunika kinachonasa mvuke na kurudisha zebaki, ambayo nayo ni fedha yako. Usiitunze zebaki chumbani. Nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Mjamzito na mtoto wasiguse wala wasikaribie. Ewe mwenye duara la kuchimbia, ewe mwenye karasha la kusagia mawe, unaweza kuitenga sehemu moja ya kuchomea, mbali na makazi, wachimbaji wako wote waitumie?

Tuje kwa watoto wanaokua. Inakadiriwa kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Kwa hiyo yale anayoyapitia mtoto wa darasa la tano leo ndiyo atakayoyabeba akiwa na ndevu au akiwa mama wa watoto wanne.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya watoto, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa mwili. Mkoa wetu wa Shinyanga, katika utafiti wa afya wa mwaka 2010, uliongoza kwa ndoa za utotoni: karibu wanawake sita kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Msichana anayeachishwa daftari na kupewa nyumba ya kuendesha hupoteza shule, marafiki na usalama kwa mpigo mmoja, na akili yake hulipa gharama hiyo kwa miaka mingi.

Mzazi mwenzangu, ng'ombe watazaa tena. Utoto wa binti haurudi.

Na vipi mtoto aliyeachwa kwa bibi kwa sababu wazazi wamefuata rashi ya dhahabu? Kutafuta riziki si kosa. Lakini simu yako ya jioni, ukimuuliza amesoma nini, amecheza na nani, nani amemuudhi, ni kinga kubwa kuliko unavyofikiri. Mtoto mwenye mtu mzima mmoja anayemsikiliza kila siku huvumilia mengi. Wazee wetu walilijua hilo: kwenye shikome, moto ukiwaka uani, vijana walikaa na wakubwa, wakaulizwa habari zao, wakafunzwa. Hata kama moto huo haupo kwako, dakika za baada ya chakula zipo. Tuzime televisheni, tuweke simu chini, tuulizane habari za siku.

Watu wazima nao wana mizigo yao. Mwaka 2015 mgodi wa Nyangalata huko Kahama uliporomoka, na wachimbaji watano wakaokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Lakini tujiulize: mtu aliyetoka shimoni akiwa hai anarudi na nini kichwani? Na wale waliofukua kifusi na kumtoa rafiki aliyekwisha kufa? Wapo wanaoshtuka usiku wakipiga kelele, wasioweza kukaa chumba chenye giza, wanaokunywa ili wapate usingizi. Wameumia mahali pasipofungwa bandeji.

Pombe huonekana kama dawa kwa usiku mmoja, kisha huongeza huzuni na kumaliza fedha. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, lakini chupa na gongo bado vipo. Bangi nayo, hasa ikianza ujanani, huongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa mkubwa wa akili. Ukimwona mwenzako wa duara anaanza kunywa asubuhi, usimcheke. Mvute pembeni, umuulize usingizi wake ukoje.

Kuna pia deni. Mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, imewanyima usingizi akina mama wengi wa magengeni na sokoni. Mvua ikikataa, au pamba ikikosa bei, baba hunyamaza akidhani kunyamaza ndiyo uanaume. Tafadhali, mwambie mwenzako wa ndoa hesabu kamili ya deni. Deni linalojulikana na wawili hupangiwa mpango. La siri humla mtu kimyakimya.

Na mtu akikuambia amechoka kuishi, muamini. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tuwakumbuke na wazee. Mjane anayeishi peke yake pembeni ya kijiji, asiyesalimiwa kwa kuwa watu wanamwogopa, naye yuko hatarini kuugua sonona. Tena huyo huyo anaweza kuwa tiba yetu. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mitaani namna ya kuwasikiliza wenye msongo na sonona, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa nini Msalala au Mbogwe pasiwe na benchi kama hilo? Benchi fundi wetu analo. Bibi tunao. Kinachotakiwa ni mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kukaa pamoja na kukubaliana.

Je, tutaweza? Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, mkoa wetu ulikuwa umekauka kiasi kwamba watu waliuita jangwa. Hakuna aliyeuotesha mkoa mzima peke yake. Kaya nyingi zilitenga ngitili zao, yaani maeneo ya malisho ya kuhifadhiwa, zikaizuia mifugo kwa msimu, miti ikachipua, na leo maelfu ya hekta yamerudi kuwa ya kijani. Afya ya akili nayo hutunzwa hivyo hivyo: kila kaya na kipande chake.

Kwa anayeugua sasa, njia ipo. Anza na zahanati iliyo karibu. Wao watakuelekeza hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na ikibidi hospitali ya Bugando au Mirembe. Kifafa kina vidonge. Sonona ina tiba. Hata ugonjwa mkubwa wa akili mara nyingi hutulia mtu akitumia dawa bila kukatisha. Ukitaka maombi, omba, na kadi ya kliniki iwe mfukoni. Ila usimfunge mgonjwa kamba wala mnyororo; yeye ni ndugu yako, na hofu humzidishia ugonjwa. Ukimjua mtoto anayefanyiwa ukatili, piga 116 bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Wiki hii, ndugu yangu, chagua jambo moja tu katika haya. Hamisha jiko la kuchomea dhahabu. Mpokee mama mzazi mtoto wake kwa saa mbili alale. Mwambie mkeo au mumeo ukweli wa deni. Msalimie bibi wa pembeni na ukae naye kidogo. Msindikize kijana wako zahanati, na ukae kwenye foleni pamoja naye mpaka jina lake liitwe.