Kidonge cha mtu si kidonge cha mbwa

Mzazi mwenzangu, wiki hii naomba tuzungumze habari ya mbwa. Najua wengi wetu huku Jangwani na Kariakoo hatufugi mbwa ndani. Lakini mbwa wapo: wa walinzi wa maghala, wa yadi za mbao, na wale wasio na mwenyewe wanaokatiza bondeni. Na watoto wetu wanawapenda, tutake tusitake.

Nyuma ya nyumba anayopanga mdogo wangu alikuwapo mmoja, wa mlinzi wa ghala. Aliitwa Simba, jina la uchokozi kwa mtaa wenye makao makuu ya Yanga. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka tisa, alikuwa akimpelekea ukoko wa wali kila jioni.

Siku moja Simba akaanza kukohoa. Mtoto alikuwa amemsikia mama yake akisema vidonge anavyomeza kila siku ni "vya kifua". Vilikuwa isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu aliyopewa kliniki. Mtoto akapiga hesabu yake: mama ana dawa ya kifua, Simba anaumwa kifua. Akachukua vidonge vitatu juu ya friji, akavificha ndani ya kipande cha maini, akampa.

Haikupita saa mbili Simba akaanguka, akakakamaa, miguu ikipigapiga, povu likamtoka. Watu wakapiga kelele, "Kichaa cha mbwa!" Mmoja akaokota jiwe. Mlinzi akapiga simu kwa daktari wa mifugo, naye alipofika akauliza swali moja: "Amekula nini?" Kila mtu akasema hajui. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, kimya. Simba akafa usiku ule.

Kesho yake akanijia. "Mama mkubwa, ni mimi nilimpa dawa. Nilitaka apone."

Nikamuuliza kwa nini hakusema jana. Akajibu, "Ningechapwa."

Nilimtafuta yule daktari nimweleze. Akatikisa kichwa, kisha akanieleza jambo ambalo mzazi yeyote anapaswa kulijua.

Wengi wetu tunadhani mbwa ni kama mtoto mdogo: ukimkatia nusu kidonge, yatosha. Tuanze na hesabu hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 300 ni dozi ya siku ya mtu mzima wa kilo 60, yaani miligramu 5 kwa kila kilo. Simba alikuwa na kama kilo 15. Vidonge vitatu vilimpa miligramu 60 kwa kila kilo, mara 12 ya dozi ya mtu.

Lakini uzito ni nusu tu ya habari. Ini la mtu lina vimeng'enya, yaani wafanyakazi wadogo wanaobadilisha vitu ili mwili uvitoe. Kimoja kati ya hivyo ndicho kinachoishughulikia isoniazidi. Mbwa hana kabisa kimeng'enya hicho, awe mdogo au mkubwa. Kwake dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi, huku ikiizuia vitamini B6 kufanya kazi yake. Ubongo unahitaji vitamini hiyo kutengeneza kemikali inayoutuliza. Ikikosekana, degedege linafuata. Ndiyo maana hata mtu anayemeza isoniazidi mara nyingi hupewa B6 pamoja nayo. Na hiyo hiyo B6 ndiyo anayopewa mbwa aliyeimeza, ikiwa daktari ameambiwa mapema.

Zipo dawa nyingine za nyumbani za namna hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki, tunazomeza tukiumwa mgongo, humletea mbwa vidonda vya tumbo vinavyotoa damu na huharibu figo. Parasetamoli ikizidi huumiza ini lake na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa vizuri. Paka ndiye hatari zaidi: ini lake halina njia nzuri ya kuitoa parasetamoli, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Hata bazoka isiyo na sukari, ikiwa imetiwa utamu wa zailito, hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Sisi tunaitafuna bila tatizo.

Wakati mwingine mambo hugeuka. Mbwa mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo hupewa dawa ile ile anayopewa mtu, lakini kwa kila kilo ya mwili hupewa zaidi ya mara kumi. Mtu akiimeza kwa kipimo cha mbwa, moyo utamwenda mbio. Kwa hiyo hakuna kanuni ya "punguza kidogo". Zipo dawa tunazochangia, amoksilini ni mojawapo, lakini kipimo na siku za kumeza anapanga daktari wa mifugo.

Upande wa pili unatuhusu wazazi hata zaidi. Dawa za mifugo zinauzwa hapa hapa Kariakoo, na wengine hununua dawa ya kupe wakaipunguzia kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Dawa ya kuogeshea mbwa ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, tena juu, kwenye kabati lenye kufuli. Na ivermekitini ya sindano ya ng'ombe si ya mtu, hata jirani akikuapia ilimponya.

Tufanye haya:

Dawa zote za nyumbani zifungiwe. Juu ya friji si mahali pa siri, mtoto wa miaka tisa ana kiti.

Mweleze mtoto dawa yako ni ya nini na ni ya nani. Neno "ya kifua" halikumtosha mtoto wetu.

Mbwa akimeza dawa, beba pakiti uende nayo kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.

Mbwa akianguka degedege, usimshike mdomo, maana kichaa cha mbwa nacho kipo. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo.

La mwisho ndilo zito kwangu. Daktari hakuniambia kwamba Simba angepona. Aliniambia tu kwamba angejua la kufanya. Jibu lilikuwapo pale mlangoni, kinywani mwa mtoto aliyeogopa fimbo. Safari hii amekufa mbwa. Safari nyingine anaweza kuwa mdogo wake amekunywa kitu, na yeye ndiye pekee aliyeona.

Mdogo wangu hakumchapa. Alimkalisha akamwambia, "Ukisema mapema, hutapigwa. Hata kama umekosa." Usiku huu, kabla wanao hawajalala, waambie na wewe.

Tukutane wiki ijayo.