Simu za Intaneti na Mipaka ya Leseni: Hoja Kutoka Singida

Hadi Februari 2005, kupitisha simu kwa njia ya intaneti Tanzania Bara ilikuwa biashara ya magendo, kwa kuwa Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL, ilikuwa imepewa haki ya pekee ya simu za mezani na za kimataifa kwa miaka minne tangu asilimia 35 ya hisa zake ilipouzwa kwa wawekezaji kutoka Uholanzi na Ujerumani mwaka 2001. Haki hiyo ilipokoma, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyokuwa imeanza kazi Novemba 2003, ilileta mfumo mpya wa leseni uliozigawa shughuli za mawasiliano katika mafungu manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi na huduma za maudhui. Msingi wa mfumo huo, ambao baadaye ulitiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ni kwamba sheria haijali kama sauti imesafiri kwa waya wa shaba, kwa mawimbi ya redio au kwa pakiti, yaani vile vipande vidogo vya data ambamo ujumbe wowote wa intaneti hugawanywa, vikasafirishwa kila kimoja kwa njia yake na kuunganishwa upya vinapofika. Inachojali ni nani anayetoa huduma na kama ana leseni.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulimfikiria mtoa huduma wa simu za intaneti kuwa mtu mwenye ofisi Dar es Salaam na mitambo inayoweza kukaguliwa, ambaye angekuja mwenyewe kuomba leseni. Wakati huo programu ya Skype ilikuwa haijatimiza miaka miwili, na WhatsApp, ambayo ndiyo simu ya intaneti kwa Watanzania wengi, haikuanza kupitisha sauti hadi mwaka 2015. Leo mkazi wa Kiomboi au Manyoni anapompigia nduguye simu kwa programu hiyo, mwenye programu yuko Marekani, hana mnara hata mmoja Tanzania, na sauti inapita juu ya mtandao wa kampuni nyingine kama ambavyo ingepita picha au wimbo. Kampuni za simu, zilizolipia leseni na masafa na zinazochangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, huliona jambo hilo kuwa dhuluma, na hoja ya kwamba anayetoa huduma ile ile afungwe na masharti yale yale inavutia kwa urahisi wake. Urahisi huo, hata hivyo, unaficha tofauti ambayo ndiyo kiini cha suala zima.

Simu za intaneti ni za aina mbili. Aina ya kwanza huanzia au huishia kwenye namba ya kawaida ya simu, kwa mfano mtu aliye London anapotumia programu ya kompyuta kuipigia laini iliyopo Ikungi. Simu ya namna hii lazima ivuke mpaka kati ya intaneti na mtandao wa simu, na mpakani pale hulipwa ada ya maingiliano, ambayo ni malipo ya mtandao unaopeleka simu kwa mtandao unaoipokea. Aina ya pili haigusi namba yoyote inapopita: programu mbili zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na gharama pekee ni bando ambalo kila upande umelinunua.

Magendo yote yaliyowahi kuisumbua Tanzania yalikuwa kwenye aina ya kwanza. Mwaka 2013 kanuni ziliweka bei ya chini kabisa ya kupokea simu kutoka nje kuwa senti 25 za Dola ya Marekani kwa dakika, na ukaletwa mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, ambao ulikabidhiwa rasmi kwa serikali Januari 2019. Lengo lilikuwa kukamata simboksi, yaani kifaa chenye laini nyingi ambacho hupokea simu za nje kupitia intaneti kisha kuzitoa kama simu za ndani, hivyo kukwepa malipo ya kimataifa. Kifaa hicho kilifuata pengo la bei: dakika moja ya kutoka nje ilipogharimu senti 25 huku ya ndani ikigharimu shilingi chache, ilikuwa vigumu biashara hiyo isizaliwe, na mtambo wa kuikamata ulikuwa unatibu homa iliyoletwa kwa sehemu na kanuni zenyewe. Kwa upande wa simu za ndani TCRA ilikwenda njia ya kinyume, na kwa haki inastahili sifa, kwa kuwa ada ya maingiliano ilishushwa kwa ratiba iliyojulikana mapema, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Ada ilipokaribia sifuri, sababu ya mtu kuficha simu ya ndani ndani ya intaneti ilitoweka pamoja nayo.

Mkoa wa Singida unafaa kuupima mjadala huu kwa sababu ndani yake yapo masoko mawili ya mawasiliano yasiyofanana. La kwanza limelala kando ya lami, kwenye barabara inayotoka Dodoma kwenda Mwanza na ile inayopanda kwenda Arusha kupitia Babati, ambako Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano pia unapita. Katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, mnunuzi aliyeko Nairobi anaweza kuonyeshwa mzigo kwa simu ya picha na kuuliza kama gunia ni lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, kabla hajatuma fedha, na dakika moja ya sauti tupu kwa programu hizo humla mtumiaji chini ya megabaiti moja. La pili ni lile la vijiji vya ndani vya Itigi, Mkalama na Ikungi, ambako wateja ni wachache kwa kila mnara, jenereta au sola ndiyo umeme, na simu iliyopo mkononi mara nyingi ni kitochi kisichoweza kufungua programu yoyote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,008,058 katika mkoa huu, na wengi wao wanaishi kwa kilimo na mifugo mbali na miji.

Katika soko hilo la pili ndipo malalamiko ya kampuni yanapopata uzito. Kwa miaka mingi dakika za sauti zilizouzwa mijini ndizo zilizofidia hasara ya minara ya vijijini, ama moja kwa moja ndani ya hesabu za kampuni, ama kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao sheria yake ya mwaka 2006 inazitaka kampuni zenye leseni zitoe sehemu ya mapato yao ili kulipia maeneo yasiyo na faida. Ikiwa mzungumzaji wa mjini anahamia kwenye programu isiyochangia chochote, basi, kwa mujibu wa hoja hiyo, kitochi cha Mkalama ndicho kitakachonyamaza.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nusu inayosahauliwa ni kwamba programu hizo ndizo zinazowafanya watu wanunue bando, na bando linauzwa na kampuni zile zile zinazolalamika. Fedha imehama mfuko mmoja wa suruali kwenda mwingine. Zaidi ya hapo, katika teknolojia ya kizazi cha nne kampuni zenyewe zinaweza kusafirisha simu za kawaida kwa pakiti, jambo linalofanya mpaka kati ya simu na intaneti kuwa suala la namna ya kutoza. Serikali nayo haijakosa chake: huduma za mawasiliano, data ikiwa mojawapo, zinatozwa ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hivyo simu ya WhatsApp imekwishalipiwa kodi kabla haijapigwa. Kuitoza tena kwa jina lake ni kumtoza mtu yule yule mara mbili kwa safari moja.

Uganda ilijaribu. Kuanzia Julai 2018 kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku kabla programu hazijafunguka, watu wakakimbilia njia fiche za kuzunguka kizuizi, makusanyo yakawa chini ya matarajio, na mwaka 2021 tozo hiyo ikafutwa na kuwekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye data, ambayo angalau haibagui programu. Nchi za Ghuba zilichukua mkondo mkali zaidi wa kufunga simu za programu zisizo na kibali; Umoja wa Falme za Kiarabu unaruhusu zile tu zilizopatana na kampuni za simu za nchi hiyo, na Watanzania waliopo huko wanajua maana yake wanapotafuta kusikia sauti za nyumbani. Saudi Arabia, ambayo ilikuwa na katazo kama hilo, ililegeza mwaka 2017.

Njia yenye mantiki zaidi ilichorwa Ulaya mwezi Desemba 2018, pale Umoja wa Ulaya ulipotenganisha katika sheria yake huduma zinazotumia namba za simu na zile zisizozitumia, ukaziwekea za kwanza karibu masharti yote ya kampuni ya simu na za pili masharti machache ya usalama na ulinzi wa mtumiaji. Kigezo cha namba kinaifaa Tanzania kwa sababu namba ni mali ya umma inayogawiwa na TCRA, na anayeikodisha ana wajibu unaoeleweka. Namba ya mezani ya Singida huanza na 026, tarakimu ambazo mkoa huo unatumia pamoja na Dodoma, Tabora, Iringa na Njombe, na kwa hiyo polisi wanaopokea simu ya 112 wana pa kuanzia. Simu ya intaneti inayobeba namba kama hiyo inaweza kuwa inapigwa kutoka popote duniani. Ni haki basi kumtaka anayeuza namba ahakikishe simu za dharura zinafika na wateja wanatambulika, kama wenye laini walivyotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole kuanzia mwaka 2019. Kudai hayo kwa programu isiyouza namba ni kuandika kanuni isiyotekelezeka isipokuwa kwa kufunga mtandao, na serikali yenye zana ya kufunga mtandao kwa sababu za leseni haitakosa siku ya kuitumia kwa sababu nyingine. Vizuizi vya mtandao vya wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 vinatosha kuwa tahadhari.

Linabaki suala la mnara wa Mkalama, na jibu lake liko upande wa mapato. Tangu Julai 2022 watoa huduma za kidijiti walio nje ya nchi wanatakiwa kulipa kodi ya asilimia 2 ya mapato wanayopata Tanzania, na hakuna kinachozuia Bunge kuielekeza sehemu ya kodi hiyo kwenye Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote badala ya kuiacha yote ipotelee katika hazina kuu. Hapo wenye programu wangechangia vijiji bila mtumiaji kuongezewa hata senti. Kikwazo cha kisiasa ni kwamba serikali inayopanga kanuni ndiyo mmiliki wa TTCL na mwenye asilimia 49 ya Airtel Tanzania, na mwenye timu uwanjani huwa mzito kuridhia kanuni zinazompunguzia mabao.

Kwamba sauti pekee haitoshi tena, serikali yenyewe imekwisha kukiri kwa vitendo. Mikataba iliyosainiwa Dodoma Mei 2023 kwa ajili ya minara 758 katika kata 713 za mikoa 26 iliambatana na mpango wa kuongeza nguvu minara 304 iliyokuwa ya kizazi cha pili, ili ibebe data. Lakini mnara wa data haumsaidii mwenye kitochi, na msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliotolewa kwa simu janja mwaka 2021 uliondolewa mwaka uliofuata kabla bei hazijapata muda wa kushuka. Kuurudisha, pengine kwa simu za bei ya chini tu, kungewafikisha wakazi wengi wa Itigi kwenye simu za intaneti kuliko kanuni yoyote ya leseni inayojadiliwa sasa.