Kampeni Huanza kwa Kuuliza

Kuteka maji na kufua nguo ni kazi inayowapeleka akina mama na mabinti wa Ajia, kata iliyoko wilayani Arua kaskazini-magharibi ya Uganda, hadi kwenye mito na vijito kila siku. Vichaka vya kando ya mito ya West Nile, tangu Arua hadi Koboko, ndiyo makao ya mbung'o aenezaye malale. Ugonjwa huu huja taratibu. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa kichwa, mambo ambayo katika nyumba yoyote ya Afrika Mashariki huitwa malaria na kutibiwa hivyo. Miezi kadhaa baadaye, wakati vijidudu vimekwisha kuingia katika ubongo, mtu husinzia mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, hukasirika bila sababu, naye asipotibiwa karibu kila mara hufa. Mara nyingi jamaa zake huwa wamekwisha kumdhania kuwa amerogwa au ameshikwa na wazimu.

Basi mtu akipewa kazi ya kupanga kampeni ya kuwahimiza wananchi wapimwe malale, aanzie wapi? Wengi huanzia kwa mpiga chapa. Huagiza mabango, hukodi gari lenye kipaza sauti, huandika tangazo la redio, na mwisho wa mwaka huhesabu mabango yaliyobandikwa na kuyaita mafanikio. Bango zuri laweza kusifiwa na kila mtu ofisini bila kueleweka na mwanakijiji hata mmoja. Wataalamu wa shughuli hii, wawe wa biashara, wa afya au wa sera za Serikali, wamekwisha kukubaliana kwamba utafiti hutangulia tangazo. Tena utafiti wenyewe hauanzi kwa takwimu, huanza kwa kusikiliza.

Ushahidi wa jambo hilo unapatikana katika nchi jirani ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na wagonjwa wa malale wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Huko, katika majimbo ya Kasai, vikosi vya wapimaji vilikuwa vikizunguka vijijini na kupima damu, lakini watu hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa. Ilikuwa rahisi kusema kwamba wananchi ni wajinga, hivyo waongezewe mafunzo. Watafiti wakaketi na wanakijiji katika mazungumzo ya vikundi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2012. Ilionekana kwamba watu waliujua ugonjwa vizuri sana. Waliogopa dawa, kwa kuwa ilijulikana kuwa kali. Na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana melasoprolo, dawa ya zamani yenye aseniki, iliua yenyewe takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa. Waliogopa sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Waliona aibu kuulizwa na kupimwa mbele ya majirani. Gari la wapimaji lilifika saa ambazo watu wako mashambani. Tena palikuwa na miiko: aliyetibiwa alikatazwa kwa miezi kadhaa kula chakula cha moto, kufanya kazi nzito na kukutana na mwenzi wake wa ndoa. Mama mwenye shamba, jiko na mume angeukubalije uchunguzi unaoweza kumfikisha hapo?

Hakuna bango ambalo lingeondoa vizuizi hivyo. Baadhi yake vilihitaji saa za kazi zibadilishwe, vingine vilihitaji pazia, na kimoja kilihitaji dawa mpya. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuuliza kwanza: mara nyingine jibu humwonyesha mpangaji kwamba fedha za matangazo yafaa zitumike kwingine.

Namna ya kuuliza nayo ina utaratibu wake. Mwenye nyumba akiulizwa juu ya homa ya mtoto hujibu kwa heshima na kwa hakika, ilhali anayejua ni saa ngapi mtoto alianza kutetemeka ni mama yake aliyenyamaza pembeni. Kwa hiyo akina mama huketi peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, na mwongozaji huwa mtu ambaye hawamwogopi. Baada ya hapo ndipo hojaji hutungwa, kwa maneno yaliyosikika katika mazungumzo, ili watu wengi zaidi waulizwe na majibu yahesabike. Mwisho picha na tangazo hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kupigwa chapa. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kwa gharama, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa mtego. Huko Bagamoyo, Tanzania, watafiti waliochapisha kazi zao mwaka 1996 walikuta kwamba maneno "homa ya malaria", yaliyotumiwa na waganga wa hospitali kwa ugonjwa wote, kwa wananchi yalimaanisha homa ya kawaida tu. Degedege, ambayo mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani mwa mtoto, ilihesabiwa kuwa maradhi mengine kabisa yenye tiba yake ya kienyeji. Tangazo la kukinga malaria lingesikika na kukubaliwa, na mama asione kuwa linamhusu mtoto anayekakamaa mikononi mwake.

Wenzao wa Ifakara walifanya kazi ya namna hiyo pamoja na biashara. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 1997, vyandarua na dawa ya kuvitia viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, jina ambalo halikumtaka mnunuzi ajue lolote juu ya vijidudu, kwa kuwa kero ya mbu kila mtu anaijua. Wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kupunguziwa bei. Watafiti hawakuridhika na hesabu ya mauzo, maana chandarua kilichouzwa chaweza kukaa sandukuni. Walihesabu watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua, nao wakaongezeka kutoka chini ya 10 katika kila 100 hadi zaidi ya 50 kwa muda wa miaka mitatu. Kisha walihesabu watoto walionusurika. Taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27.

Sera za Serikali nazo zimewahi kugeuzwa na utafiti wa aina hii. Dawa ya upofu wa mtoni, inayotolewa bure na kampuni iliyoitengeneza tangu mwaka 1987, ilikuwa ikigawanywa na watumishi wa afya kwa ratiba yao. Uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo, ulionyesha kufikia mwaka 1996 kwamba vijiji vikijichagulia wagawaji na majira ya kugawa, kazi huenda vizuri zaidi. Baadaye watafiti wa Uganda waliongeza kwamba mgawaji anayewahudumia watu wa ukoo wake hutembea umbali mfupi na hadai malipo kama yule wa mbali.

West Nile yenyewe imepiga hatua kubwa dhidi ya malale. Tangu mwaka 2011 mitego midogo ya kitambaa cha buluu na wavu mweusi, kila kimoja sentimeta 25 kwa 25 na kutiwa dawa, ilisimikwa Arua na Maracha kando ya mito, 20 kwa kila kilometa, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Baadaye mitego ilienea hadi Koboko na wilaya nyingine jirani. Mwaka 2013 kipimo cha haraka cha damu kilianza kupelekwa katika vituo vya afya zaidi ya 200 vya eneo hilo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya huku si tatizo la afya ya jamii tena nchini Uganda.

Hapo ndipo kazi ya mpangaji wa kampeni inapokuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ugonjwa uliopungua husahauliwa. Binti wa Ajia anayeolewa leo huenda hajapata kumwona mgonjwa wa malale, naye ndiye atakayetakiwa kumtambua mume au mtoto anayesinzia mchana. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini na wafanyabiashara kutoka Kongo hupita mipaka kila siku, na vijidudu vyaweza kupita nao. Mwaka 2018 vidonge vya fexinidazoli viliidhinishwa, navyo huwaepusha wagonjwa wengi na sindano; lakini humezwa siku 10 mfululizo pamoja na chakula, hivyo matibabu yanategemea pia kilichomo chunguni. Katika Arua habari hii hueleweka kwa Kilugbara, Koboko kwa Kikakwa, na sokoni pia kwa Kiswahili na Kinubi. Kikakwa kinazungumzwa pande zote tatu za mpaka, na tangazo lililotungwa Koboko litasikika Yei na Kongo vilevile. Namna mama wa Kikakwa anavyomweleza jirani yake mtu anayelala mchana na kukesha usiku inafaa ijulikane kabla tangazo hilo halijarekodiwa.