Matusi ya mchana ku televizio: tukataze nini, na nani akataze?

Niko upande wa wale wanaosema matusi yakatazwe ku televizio wakati wa mchana. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asitafute mbali. Lakini niko na «lakini» nyingi, na ndizo nataka kuandika leo, juu kwa nchi yetu neno «kukataza» liko na historia yake.

Tuanze na nyumba zetu sisi watu wa mgodi. Baba yuko Misisi, ao Kamituga, ao Lemera. Anarudi kisha wiki tatu, pengine miezi miwili, ikiwa shimo limetoa kitu. Mama yuko sokoni toka asubuhi na ndagala zake. Masomo nayo, tangu shule ya msingi ikuwe bure mwezi wa 9 mwaka 2019, watoto walijaa, na shule mingi zinagawanya: wengine wanasoma asubuhi, wengine kisha saa sita. Maana yake, saa yoyote ya mchana, hapa Uvira kuko mtoto anayebaki nyumbani bila mtu mkubwa. Anayemlea saa zile ni televizio, ya kwao ao ya jirani, ao sale ya video kule kando ya barabara, kwenye wanalipa franka kidogo na kukaa juu ya benchi mpaka giza.

Na televizio inafundisha. Mtoto wa Kalundu asiyejua kuhesabu mpaka kumi kwa Lingala anajua kutukana mama ya mwenzake kwa Lingala, tena kwa sauti ileile ya wale watu wa teatre ya Kinshasa. Mwalimu anasikia neno darasani, anapiga mtoto. Mtoto hajui hata neno linasema nini. Yeye aliona watu wakubwa wanacheka, akawaza ni neno la kuchekesha.

Kwa hiyo sikubali wale wanaosema «ni kuchekesha tu, acheni watu wafurahi». Mimi pia nafurahi. Lakini mtu mzima anaweza kungoja mpaka usiku kwa kucheka.

Nchi zingine zilikwisha kuweka saa. Kule Uingereza, mambo yasiyofaa watoto hayapite mbele ya saa tatu ya usiku. Kenya walienda mbali zaidi: toka saa kumi na moja ya asubuhi mpaka saa nne ya usiku, stesheni lazima ichunge mdomo. Sisi tuko na CSAC, ile baraza kubwa ya mambo ya televizio na redio, iliyowekwa na sheria ya 2011. Tuko pia na sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, inayosema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18 na inayoadhibu mwenye kumuonyesha picha za uasherati. Tatizo letu haliko ukosefu wa makaratasi.

Lakini tusichukue saa za wazungu kama zilivyo. Kwetu umeme hauko na saa. SNEL inaweza kukata toka asubuhi na kurudisha saa tatu ya usiku, na hapo ndipo kartie yote inapiga kelele ya furaha, watoto wanatoka kitandani, kila mtu mbele ya televizio. Saa ambayo London wanafungua mlango wa matusi, ndiyo saa mtoto wa Mulongwe anaona picha mara ya kwanza siku ile. Tena saa ya Kinshasa si saa yetu: kule ikiwa saa tatu ya usiku, hapa ni saa nne. Hiyo inatusaidia. Lakini stesheni za Dar es Salaam na Nairobi zinatangulia saa moja mbele yetu, na nyumba mingi hapa zinaangalia hizo kuliko za Kinshasa juu ya Kiswahili. Wakenya wakimaliza kuchunga saa nne yao, kwetu ni saa tatu tu. Na Bujumbura iko pale ng'ambo, unaiona kwa macho, picha zake hazipite ku duane ya Kavimvira. CSAC itamuadhibu nani?

Sasa nije kwa ile inayoniogopesha zaidi. Mwezi wa 11 mwaka 2021, Komisio ya taifa ya kuchunga nyimbo na michezo ilikataza nyimbo kadhaa, kati yao «Nini tosali te» ya vijana wa MPR na «Lettre à Ya Tshitshi» ya Bob Elvis. Mliosikia ule wimbo wa MPR, niambieni tusi lilikuwa wapi. Ni vijana wanaouliza raia hajafanya nini bado kwa nchi hii, na mbona bado anateseka. Walisema kosa ni kwamba nyimbo hazikupitishwa kwanza mbele ya Komisio. Watu wakapiga kelele, na kisha siku kidogo wimbo wa MPR ukaachiliwa. Ndiyo juu ya ile, mtu akiniambia «tuwape Komisio nguvu zaidi ili walinde watoto», mimi kama mtu wa sendika nauliza: kesho delege wa wachimbaji akisema ku televizio kwamba watu wanakufa mashimoni na hakuna anayehesabu, hiyo itaitwa lugha mbaya? Itaitwa kukosea wakubwa heshima? Tumekwisha kuona neno «heshima» linafanya kazi gani.

Jirani zetu wa Tanzania nao walijaribu kukataza wimbo mzima. Mwaka 2018 BASATA ilifungia «Mwanza» ya Rayvanny na Diamond Platnumz. Ndani yake kuna mchezo juu ya neno Nyegezi, na Nyegezi ni mtaa wa kweli kule Mwanza, watu wanapanda bisi pale kila siku. Utaandika jina la mtaa ndani ya orodha ya matusi? Kiswahili kinaficha, hicho ndicho kitamu chake. Na mimi sikuona mtoto hata mmoja hapa Uvira aliyeacha kuimba ile nyimbo juu BASATA ilisema. Ilipita ku simu, ikatoka ku baa, ikaingia ku moto-taxi.

Basi nataka kitu kidogo kuliko wanachotaka wenye kukataza yote, na kikali kuliko wanachotaka wenye kuacha yote. Kidogo: saa tu, bila kufuta wimbo wala kufunga mdomo wa mtu. Teatre ya matusi ipite usiku wa manane, mwenye kuitaka aikeshee. Kikali: stesheni inayovunja saa ilipe franka, na ilipe yenyewe, isimtupie msanii.

Na matusi tuyaite kwa majina yake. Wengi wakisema «matusi» wanawaza sehemu za mwili. Hayo ni mabaya, lakini mtoto akiyasikia anapata haya na maisha yanaendelea. Kuna mengine hapa kwetu, toka Uvira mpaka Fizi, toka bonde la Ruzizi mpaka milimani, yanayotaja kabila. Mtu anakaa ku emisio ya siasa saa nane ya mchana, amevaa kravati, Kifaransa safi, na anaita kabila zima nyoka, ao wageni, ao wachawi. Hakuna anayezima maikro. Tunajua hiyo njia inafika wapi. Redio RTLM ya Kigali ilikuwa inaita watu mende, na mwaka 1994 wale walioitwa mende waliuawa. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wenye redio ile mwezi wa 12 mwaka 2003. Ikiwa CSAC iko na nguvu ya kuangalia jambo moja tu kwa siku, iangalie hilo mbele ya teatre.

Nitaongeza lingine, dogo, mtanisamehe. Nimekwisha kumuona mkubwa wa kampuni moja, ku emisio ya mchana, akiita wachimbaji wa mkono wezi na wahuni. Mtangazaji alitingisha kichwa, wakapita ku swali lingine. Watoto wetu walikuwa wanaangalia. Baba yao ndiye aliyelipa ile dekoda kwa jasho la shimoni, na dekoda inamuita mwizi ndani ya nyumba yake. Hilo ku orodha ya nani limeandikwa?

Upande wetu nao si safi. Lugha ya shimo tunaijua wote. Kule chini, kamba ikikwama, mtu hasemi «tafadhali ndugu». Sikatai, kazi ni ngumu na tusi wakati mwingine linaamsha mtu mbele jiwe halijamuangukia. Lakini tunapanda nalo, tunaingia nalo nyumbani, tunamuitia nalo mama mbele ya watoto. Kisha tunaandikia Leta barua kwamba televizio inaharibu kizazi. Mama mmoja anayetwanga mawe aliniambia ku mkutano: «Televizio naweza kuizima, bwana yangu iko na button wapi?» Wanaume tulicheka, wamama hawakucheka.

Sale za video ni kazi ya hapa hapa, haitaki Kinshasa. Bwana bourgmestre, wazazi wa kartie na wenye sale wanaweza kukaa chini na kukubaliana filamu gani mbele ya jua kuzama, na kwamba mtoto mwenye uniforme haingii saa za masomo. Wenye sale watasema tunawanyima chakula. Wao pia wako na watoto, tuongee nao bila kuwaletea polisi, juu polisi akifika, mnajua yeye atataka nini.

Kwa upande wa stesheni, ku sendika tuliwaza kuomba wamama wachungaji: akisikia tusi mchana, aandike saa, stesheni na emisio, tukusanye kila mwezi na kutuma kwa CSAC. Wote walikubali. Kisha mmoja akauliza nani atalipa bic na kaye. Tumeanza kuchanga.