Kipande cha ulimi kinaenda labo, karatasi inaenda wapi?

Wandugu wachimbaji, na wamama munaotungojea ku nyumba,

Mwenzetu mumoja wa ekipe yetu alianza na kidonda kidogo kando ya ulimi. Hakikumuuma sana. Alisukutua maji ya chumvi, akanunua dawa sokoni, akaendelea kushuka shimoni. Miezi ikapita. Shingo ilipovimba, njo tulimupeleka hospitali. Wakakata kipande kidogo, wakasema kinaenda labo. Tulimuzika mbele ya jibu kufika, na mpaka leo bibi yake hajaona karatasi.

Ninaandika juu ya kile kipande. Kule Uholanzi, mu mji wa Utrecht, wanasayansi walionyesha mu 2019 kazi ambayo kipande kama kile kinaweza kufanya. Walichukua seli za kansere ya mulomo na koo toka kwa wagonjwa, wakazilisha mu labo mpaka zikaongezeka na kujikusanya kama vidonge vidogo sana. Vinaitwa organoidi. Walipata akiba ya aina 31, wakajaribu juu yake dawa na miale. Kansere ya mutu mumoja ilikufa kwa dawa fulani, ya mwingine haikushtuka.

Kuna njia ya zamani zaidi: kupandikiza kipande chini ya ngozi ya panya asiye na kinga ya mwili. Lakini inaweza kuchukua miezi, na vipande vingine havishiki. Mugonjwa hana miezi ya kungojea.

Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Udongo wa malakiti, ule wa kijani, unayeyuka mu asidi. Ule wenye sulfuri, asidi peke yake haiuwezi. Nani atapeleka tani nzima ku kiwanda bila kupima eshantiyo kwanza? Lakini mugonjwa, dawa tunaijaribu juu ya mwili wake mwenyewe. Ikikosa, nguvu zimekwisha, franga zimekwisha, na kansere iko pale pale.

Basi mimi niko upande wa kazi hii. Ila eshantiyo ina mwenyewe. Mu 1951, kule Baltimore, Marekani, waganga walichukua seli za mama mumoja mweusi, Henrietta Lacks, bila kumuuliza. Kansere yake haikuwa ya mulomo, ilikuwa ya kizazi. Bwana yake alikuwa mufanyakazi wa kiwanda cha chuma, watu kama sisi. Alikufa mwaka ule ule. Seli zake zinaishi mpaka leo mu labo za dunia nzima, na wengine walipata makuta mengi kwazo. Jamaa yake ilikuja kujua kisha miaka zaidi ya 20. Kila mukrezere anaelewa: ku depo, mwenye kushika mashini ya kupima njo mwenye kutaja bei.

Kwa hiyo sendika idai mambo haya kwa waajiri. Kipimo cha kila mwaka kisikomee ku mapafu na masikio. Munganga atufungulishe mulomo, ainue ulimi. Kidonda kinachopita juma mbili bila kupona kionwe haraka. (Tumbako na pombe njo vyanzo vikubwa, na vikienda pamoja hatari inaongezeka sana. Najua mutaninunia. Mimi mwenyewe niliacha sigara juzi tu.) Kipande kikikatwa, mutu aelezwe mu lugha yake kinaenda wapi na kufanya nini, atie sahihi akikubali, na majibu yarudi mu mikono yake. Na siku labo itakapotaka eshantiyo zetu kwa utafiti, isije na chupa tupu. Ije na mapatano yaliyoandikwa.

Siku ya kwanza ya juma lijalo, wadelege wawili tutamusindikiza yule mama hospitali. Bado anataka karatasi yake.