"NENDA KWENU" SI TALAKA MPAKA AULIZWE ALIYESEMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, leo simung'unyi maneno. Juzi baada ya Isha alinijia dada mmoja na mama yake, simu mkononi. Mumewe kamwandikia: "Nimechoka. Nenda kwenu." Akaupeleka ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Haikupita nusu saa, mashekhe wa vidole wakahukumu: umeshaachika, kaa eda. Watoto wakahamishwa usiku. Hakuna HATA MMOJA aliyemuuliza mume alikusudia nini.

Nyinyi mliohukumu, fiqhi hiyo mmesoma wapi?

Wanazuoni wamegawa maneno ya talaka mafungu mawili. La kwanza ni SARIHI, neno lililo wazi, lisilobeba ila talaka. La pili ni KINAYA, neno linalobeba talaka na linabeba jambo jingine pia. La kwanza linahukumiwa kwa neno lenyewe. La pili halihukumiwi mpaka ijulikane nia.

Vijana wetu wa vyuo vikuu wanasoma kwamba maana ya neno lenyewe ni semantiki, na makusudio ya msemaji pale aliposema ni pragmatiki. Wanadhani ni elimu ya juzi. Mafaqihi walishauchora mpaka huo zamani, kwa sababu kwao haukuwa mtihani wa darasani. Ulikuwa nyumba ya mtu, ibaki au ivunjike.

Sikilizeni dalili. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mwanamke wa ukoo wa Jawn. Mtume (SAW) alipoingia kwake, akajikinga kwa Allah dhidi yake. Mtume akamwambia aende kwa watu wake, na wakaachana. Sasa njooni kwa Ka'ab bin Malik (RA), aliyebaki nyuma vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, akasuswa siku 50. Zilipotimia siku 40 akaamrishwa ajitenge na mkewe. Akauliza: nimtaliki? Akajibiwa hapana, ajitenge naye tu. Naye akamwambia mkewe aende kwa watu wake, akae huko mpaka Allah aamue. Toba yake ilipokubaliwa, aliendelea kuwa mkewe.

Neno ni LILE LILE. Kwa mmoja ni talaka, kwa mwingine si talaka. Kama neno peke yake lingetosha, habari hizi mbili zingepatana vipi?

Atasema mtu: "Shekhe, lakini mume alikuwa na hasira, hali yenyewe inaonyesha." Naam, hapo pana khilafu ya wanazuoni. Mahanafi wanaipa uzito hali ya ugomvi katika baadhi ya maneno ya kinaya. Lakini kwa Mashafi, na ndiyo madhehebu ya wengi wetu huku pwani, dalili za hali hazikai mahali pa nia. Na zaidi ya hapo, kwa Mashafi maandishi yenyewe ni kinaya, hata mtu angeandika neno talaka: akinuia imepita, asiponuia haikupita. Basi huyu bwana kaandika, tena kaandika neno la kinaya. Nyinyi mmevuka milango miwili bila kubisha hodi.

Wanaume msishangilie, zamu yenu imefika. Wako wanaotamka kwa ulimi, "Nimekupa talaka," kesho wanakuja msikitini: "Shekhe, nilikuwa natania." Hapo sikuulizi nia! Neno ni sarihi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi kwamba mambo matatu, ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli: ndoa, talaka na kumrejea mke. Neno likiwa wazi, kusudio lako la mzaha halina pa kuingilia.

Na wewe uliyesema kinaya ukanuia talaka, kisha mbele ya kadhi ukaapa hukunuia, utamshinda kadhi, kwani yeye anasikia ulimi tu. Mwenye kuujua moyo umemkimbilia wapi? Utaishi na mwanamke asiye mkeo, na kiapo chako shingoni.

Yule bwana nilimwita. Nikamwuliza kwa kiapo. Akasema alitaka mkewe akapumzike kwa mama yake siku mbili tatu, ugomvi upoe. Basi! Eda ya nini? Mke amerudi kwake, watoto wamerudi shule. Waliohukumu hawajaomba radhi mpaka leo.

Ndugu yangu, ukiletewa jambo kama hili, maswali ni mawili. Alisema nini? Neno likiwa la kinaya: alikusudia nini? La kwanza mke anaweza kukujibu. La pili analo mume peke yake, muulizeni yeye. Na kama hujui kutofautisha sarihi na kinaya, basi nyamaza, mpeleke kwa mwenye kujua. Kunyamaza nako ni ibada.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako.